Mwelekeo wa Uga wa Sumaku na Ukinzani wa Umeme katika Vipitishi vya Pande Chache

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi mwelekeo wa uga wa sumaku unavyoathiri ukinzani wa umeme katika vitu ambamo elektroni hubanwa katika tabaka au safu, badala ya kwenda kokote zipendako. Hoja yetu kuu ni kwamba ukinzani si sifa ya waya peke yake. Ni uhusiano kati ya elektroni, njia na mwelekeo wa uga. Kwa sababu hiyo, mtafiti anaweza kuzungusha sumaku, kusoma ukinzani na kuchora ramani ya njia asizoweza kuziona kwa macho. Somo limeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Kiswahili, nalo halimdai msomaji ujuzi zaidi ya fizikia ya shule ya upili.

1. Utangulizi

Jirani yangu wa bwenini ni mwanafunzi wa uzamili katika fizikia. Usiku mmoja nilimkuta ameinamia mchoro uliojaa vilele na mabonde kama mgongo wa mamba. Nilipomuuliza ni mchoro wa nini, alianza kunijibu kwa Kiingereza. Nikamwomba anieleze kwa Kiswahili, lugha ambayo sisi wawili huitumia kuombana chumvi na kugombea zamu ya kupika. Akacheka, akasema, "Ndugu yangu, hii haisemeki kwa Kiswahili." Alijaribu hata hivyo. Neno la nne likamkwamisha.

Sisi wanachama wa vyama vya Kiswahili tuna desturi ya kuijibu kauli kama hiyo kwa shairi la kuisifu lugha. Sifa hizo ni halali, ila hazimfunzi mtu fizikia. Kwa hivyo tulifanya mapatano: yeye angenieleza jambo lenyewe kwa michoro, nami ningemrudishia kwa Kiswahili hadi akiri kwamba nimelisema sawasawa. Kazi hiyo ilituchukua majuma kadhaa, na makala haya ni matunda yake.

Jambo moja lilitushangaza sote. Nilipomuuliza, "Kani hii ya sumaku inaisukuma elektroni kuelekea wapi?" alinijibu kwa fomula. Nilipomwambia kwamba fomula siielewi, nataka upande, alinyamaza. Alinyosha vidole vyake, akavigeuza, akavikunja, kisha akasema kwa unyonge kwamba hajawahi kuulizwa swali hilo kwa namna hiyo. Alikuwa ameifaulu mitihani yote kwa kuikariri sentensi. Kiswahili kilimlazimisha aseme nini kinasukuma nini, na kutoka wapi kwenda wapi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba suala lililo mbele yetu ni zito kuliko heshima ya lugha. Linahusu iwapo mwanafunzi wa Kenya anaelewa anachokisoma.

2. Maneno ya kuanzia

Kabla ya kuingia katika somo, hatuna budi kukubaliana kuhusu maneno machache.

Kipitishi ni kitu chochote kinachoruhusu umeme kupita ndani yake, kama vile shaba au chuma. Umeme katika metali ni mwendo wa elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji hasi. Mwendo wao kwa pamoja kuelekea upande mmoja huitwa mkondo.

Ukinzani ni kile kinachouzuia mkondo usipite kwa wepesi. Wapo wanaoandika "upinzani", lakini neno hilo limekwisha kutwaliwa na siasa na tunaliachia huko. Ukinzani lina sifa nyingine inayotufaa. Chimbuko lake ni kitenzi "kinzana", chenye kiambishi "-na" cha kutendana. Ili pawe na kukinzana, sharti pawe na pande mbili. Hali ndivyo ilivyo katika metali: elektroni hugongana na mitikisiko ya atomi pamoja na uchafu uliomo ndani ya fuwele, na mgongano ni tukio la wawili. Waya haukinzi peke yake. Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Fuwele ni kitu ambacho atomi au molekuli zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudiarudia, kama punje za chumvi.

Uga wa sumaku ni eneo lote ambamo nguvu ya sumaku huhisika. Uga katika maisha ya kila siku ni uwanja ulio mbele ya nyumba, na maana hiyo inafaa, ila tuongeze jambo moja: uga wa sumaku una mwelekeo katika kila nukta yake. Ni kama uwanja uliopandwa nyasi, na kila jani limelala upande fulani.

Hatimaye kuna pande chache. Kitu cha pande tatu kina urefu, upana na kimo. Tunaposema kipitishi kina pande mbili, hatumaanishi kwamba hakina kimo. Tunamaanisha kwamba elektroni huenda kwa wepesi katika urefu na upana, lakini hupata taabu kubwa kwenda juu au chini. Kipitishi cha upande mmoja ni kile ambacho elektroni huenda kwa wepesi katika mstari mmoja tu.

3. Kwa nini mwelekeo una maana

Msomaji na atazame pembe ya chumba alichomo, pale ambapo kuta mbili hukutana na sakafu. Kutoka nukta hiyo huondoka mistari mitatu: mmoja wapanda juu, na miwili yalala sakafuni ikifuata kuta. Kila mstari umefanya pembemraba na mingine miwili.

Sasa tuseme elektroni inakwenda kwa kufuata mstari wa kwanza wa sakafuni, na uga wa sumaku unaelekea kwa kufuata mstari wa pili wa sakafuni. Kani itakayoisukuma elektroni itafuata mstari wa tatu, ule wa wima. Ndiyo kusema kwamba kani ya sumaku haisukumi kuelekea uga unakoelekea, wala haisukumi kuelekea elektroni inakokwenda. Husukuma kwa ubavu.

Kutokana na kanuni hii tunapata mambo mawili. Kwanza, kani ya sumaku haiiongezei elektroni kasi wala haiipunguzii. Huipinda njia tu. Pili, elektroni inayokwenda sambamba na uga haisukumwi hata kidogo. Ukiigeuza sumaku, unageuza orodha ya elektroni zinazopindwa na zile zinazoachwa ziende zake. Hapa ndipo mlango wa somo letu ulipo.

4. Chuma cha Thomson

Jambo hili lina historia ndefu. Mnamo 1856, William Thomson, profesa wa Chuo Kikuu cha Glasgow ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, alipima ukinzani wa chuma na nikeli vikiwa ndani ya uga wa sumaku. Aligundua kwamba ukinzani uliongezeka uga ulipokuwa sambamba na mkondo, na ulipungua uga ulipokuwa pembemraba na mkondo. Kipande cha metali ni kile kile, nao mkondo ni ule ule. Kilichogeuka ni mwelekeo tu.

Katika metali za aina hii, zenye usumaku ndani yake, kanuni iliyokuja kukubaliwa ni hii: chukua ukinzani wa pembemraba, kisha uongeze tofauti kati ya ukinzani wa sambamba na ule wa pembemraba, ikiwa imezidishwa kwa mraba wa kosaini ya pembe iliyo kati ya mkondo na usumaku wa metali. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme ukinzani wa pembemraba ni omu 100 na ule wa sambamba ni omu 103. Pembe ikiwa digrii 60, kosaini yake ni 0.5 na mraba wake ni 0.25. Tofauti ya omu 3 ikizidishwa kwa 0.25 ni omu 0.75. Basi ukinzani utakuwa omu 100.75. Pembe ikiwa digrii 45, utakuwa omu 101.5.

Badiliko hili ni dogo, na pia ni laini: hupanda na kushuka polepole kama kilima kisicho na mawe. Mchoro wa jirani yangu haukuwa hivyo. Ulikuwa na vilele vikali na mabonde ya ghafla. Kwa nini? Jibu limo katika umbo la kipitishi chenyewe.

5. Vipitishi vilivyofumwa

Katika shaba, elektroni inaweza kwenda kaskazini, mashariki au juu kwa wepesi unaokaribiana. Lakini wanakemia wametengeneza fuwele ambazo molekuli zake bapa hupangwa moja juu ya nyingine kama sahani kabatini. Elektroni huruka kutoka sahani hadi sahani kwa wepesi, na kwa hivyo husafiri kwa kufuata safu. Kuruka kutoka safu moja hadi safu jirani ni kazi ngumu zaidi. Kuruka kutoka tabaka moja la safu hadi tabaka jingine ni kazi ngumu kupita zote.

Fuwele mashuhuri za jamii hii huitwa chumvi za Bechgaard, kwa jina la Klaus Bechgaard, mwanakemia wa Denmark. Mnamo 1980, Denis Jérome wa Orsay nchini Ufaransa, pamoja na Bechgaard na wenzao, walitangaza kwamba mojawapo ya chumvi hizo hupoteza ukinzani wake wote ikipozwa hadi takriban kelvini 1, yaani karibu nyuzi −272 za Selsiasi, na kubanwa kwa kanieneo inayokaribia mara 12,000 ya ile ya hewa tunayoivuta. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kitu cha asili ya kaboni cha namna hiyo kuonyesha tabia hiyo. Tangu hapo, fuwele hizi zimekuwa kama maabara ndogo ya kuchunguza jinsi elektroni zinavyoishi zinapobanwa.

6. Safu: shamba la mkonge

Msomaji aliyepata kusafiri kutoka Voi kwenda Taveta ameyaona mashamba ya mkonge karibu na Mwatate. Gari linapokwenda, mimea huonekana kama msitu usio na mpango. Kisha ghafla, kwa pembe fulani, mistari hujipanga na jicho hupenya hadi mwisho wa shamba. Sekunde moja baadaye mlango umefungwa, halafu mwingine unafunguka, mwembamba zaidi, kwa pembe nyingine. Mkonge haukusogea. Uliosogea ni mwelekeo wa kutazama.

Tuifikirie fuwele yetu kwa namna hiyo. Tukizitazama safu za molekuli kwa upande wa vichwa vyao, zitaonekana kama nukta zilizopandwa kwa mistari, mfano wa mkonge. Elektroni inakimbia ndani ya safu yake, na mara moja moja inajaribu kuruka hadi safu jirani. Uga wa sumaku unapoelekea upande wowote tu, huipindapinda elektroni hiyo, na miruko yake ya kwenda na kurudi hufutana. Lakini uga ukielekea barabara kutoka safu moja kwenda safu nyingine, mruko wa kuelekea safu ile huwa sambamba na uga. Tumekwisha kuona kwamba kinachokwenda sambamba na uga hakisukumwi. Mruko huo basi hauvurugwi, nao umeme hupata mlango. Ukinzani hushuka ghafla.

Mwanafizikia Andrei Lebed alitabiri mnamo 1986 kwamba pembe za namna hii zingekuwa na athari za pekee. Miaka michache baadaye, watafiti waliozizungusha chumvi za Bechgaard ndani ya uga mkali waliyaona mabonde hayo. Wanafizikia huziita pembe za ajabu. Kama nukta zingekuwa zimepangwa kwa miraba sawasawa, mlango mmoja ungekuwa digrii 45, mwingine karibu digrii 26.6, na mwingine karibu digrii 63.4, kwa sababu tanjenti za pembe hizo ni 1, nusu na 2. Katika fuwele halisi tarakimu hutegemea umbali kati ya safu, lakini kanuni ni ile ile. Kwa jumla, mlango unaoelekea safu ya karibu huonekana wazi zaidi kuliko unaoelekea safu ya mbali, kama ilivyo shambani.

Ni lazima tukiri kwamba mfano wa mkonge una mipaka. Elektroni si jicho, na inaenea kama wimbi badala ya kusimama mahali pamoja. Isitoshe, wanafizikia walijadiliana kwa miaka mingi kuhusu ufafanuzi kamili wa mabonde hayo katika kila chumvi. Hata hivyo, mahali yanapotokea ni pale ambapo mpangilio wa safu unatutaka tuyatazamie.

7. Tabaka: muwa uliokatwa

Zipo fuwele nyingine ambazo elektroni huenda kwa wepesi katika tabaka zima, si katika safu moja. Hapa tunahitaji mfano wa pili.

Elektroni haziwezi kukaa mbili katika hali moja ya mwendo, kama vile abiria wawili wasivyoweza kukalia kiti kimoja ikiwa sheria inafuatwa. Viti vya nishati ndogo hujaa kwanza. Abiria wa katikati hawawezi kusogea, kwa kuwa kila upande umejaa. Wanaoweza kusogea ni wale wa mpakani, waliopakana na viti vitupu. Mpaka huo kati ya viti vilivyojaa na vilivyo vitupu huitwa uso wa Fermi, kwa jina la Mwitalia Enrico Fermi. Elektroni za mpakani ndizo zinazobeba umeme, kwa hivyo umbo la mpaka huo hutawala tabia ya metali.

Katika kipitishi cha tabaka, uso wa Fermi una umbo la muwa: nguzo ndefu ya mviringo, iliyovimba kidogo kwenye vifundo na kubonyea kidogo katikati ya vifundo. Tuzingatie kwamba muwa huu haumo ndani ya fuwele. Ni ramani ya miendo ya elektroni. Vivimbe vyake ni vidogo kwa sababu kuruka kati ya tabaka ni kugumu.

Uga wa sumaku ni kisu. Elektroni hulazimika kuzunguka kwa kufuata ukingo wa mkato uliofanya pembemraba na uga. Kisu kikipita kwa ulalo, mkato huwa wa umbo la yai na hupitia sehemu zilizovimba na zilizobonyea. Pale ambapo muwa unapanuka, elektroni huwa na mwendo wa kwenda tabaka la juu. Pale unapopungua, huwa na mwendo wa kwenda tabaka la chini, au kinyume chake. Kwa pembe nyingi, jumla ya mzunguko mzima huacha baki, na elektroni hupiga hatua kutoka tabaka hadi tabaka. Lakini zipo pembe maalumu ambazo kwenda juu na kwenda chini hufutana kabisa. Elektroni huzunguka na kuzunguka bila kuhama tabaka, mithili ya mtu apandaye ngazi nne na kushuka nne. Ukinzani kati ya tabaka hufika kileleni.

Vilele hivyo viligunduliwa mnamo 1988 na M. V. Kartsovnik na wenzake katika Umoja wa Kisovieti wa wakati huo. Mwaka uliofuata, mwanafizikia Yamaji wa Japani alitoa ufafanuzi tuliouona. Alionyesha kwamba vilele havigawanyiki sawasawa kwa digrii, bali kwa tanjenti za digrii hizo. Tuchukue mfano wa kubuni wenye tanjenti 0.45, 1.05, 1.65 na 2.25. Tofauti kati yao ni 0.6 kila mara. Pembe zenyewe, tukipima kutoka mstari wa wima wa tabaka, ni takriban digrii 24.2, 46.4, 58.8 na 66.0. Mtu anayezitazama pembe peke yake ataona tarakimu zisizo na mpango. Akizigeuza kuwa tanjenti, mpango hujitokeza.

Na faida yake ni ipi? Tofauti ile ya 0.6 ni sawa na pai ikigawanywa kwa zao la umbali kati ya tabaka na unene wa muwa, yaani nusu-kipenyo chake. Tuseme umbali kati ya tabaka ni nanomita 1.5. Tukikokotoa, nusu-kipenyo cha muwa ni takriban 3.5 kwa kila nanomita. Tumeipima ramani ya miendo ya elektroni kwa kuzungusha sumaku na kusoma kipimo cha ukinzani, basi. Hakuna aliyeiona elektroni.

8. Masharti ya kuona

Msomaji anaweza kuuliza: mbona waya za nyumbani hazibadiliki tunapozigeuza? Jibu ni kwamba elektroni lazima ipate nafasi ya kuzunguka kabla haijagongana na chochote. Masharti ni matatu. Kwanza, fuwele iwe safi sana. Pili, iwe baridi sana, kwa kawaida kelvini chache tu, ili mitikisiko ya atomi itulie. Tatu, uga uwe mkali, wa tesla kadhaa au zaidi. Uga wa sumaku wa dunia hapa Kenya ni takriban tesla 0.00003. Uga wa tesla 10 ni takriban mara 300,000 ya huo. Sharti moja likikosekana, vilele na mabonde hufifia na mchoro huwa bapa.

9. Manufaa

Njia hii ya kuzungusha uga haikuishia katika chumvi za Bechgaard. Mnamo 2003, N. E. Hussey na wenzake waliitumia kuchora uso wa Fermi wa kipitishi cha tabaka chenye shaba, oksijeni na thali, mojawapo ya vile ambavyo hupoteza ukinzani katika halijoto ya juu kiasi. Walionyesha kwamba elektroni zake, licha ya kubanwa katika tabaka, zina mpangilio wa pande tatu.

Katika uwanja ulio jirani na huu, mnamo 1988 Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani, kila mmoja na kundi lake, waligundua kwamba ukinzani wa tabaka nyembamba mno za metali hutegemea iwapo sumaku za tabaka hizo zinaelekea upande mmoja au zinapeana migongo. Zikielekeana pamoja ukinzani huwa mdogo; zikipingana huwa mkubwa. Ugunduzi huo uliwezesha vichwa vya kusomea diski za kompyuta kuhisi alama ndogo zaidi za sumaku, na wawili hao wakatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2007. Hata jambo aliloliona Thomson katika chuma mwaka 1856 linatumika leo katika vihisio vya kupimia pembe na mwelekeo.

10. Funzo kwa mwanafunzi wa Kiswahili

Katika majuma yale tuliyofanya kazi pamoja, maneno tuliyoyakosa kabisa yalikuwa machache kuliko tulivyodhani. Ukinzani, uga, kani, fuwele, tabaka, pembe na mkondo yalikuwapo. Omu, tesla na tanjenti tuliyapokea kama tulivyopokea meza na shule. Kilichokuwa adimu ni sentensi: mazoea ya kuyaunganisha maneno hayo katika maelezo ambayo mtu anaweza kuyafuata hatua kwa hatua. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Istilahi zikilala katika kamusi bila kuandikiwa masomo, ni mbao zilizorundikwa uani na mvua inazinyeshea.

Aidha, tusijidanganye. Kiswahili hakiondoi hesabu. Jirani yangu bado anahitaji milinganyo yake, nami bado siwezi kuitatua. Tena Kiingereza atakihitaji ili kuwasoma Yamaji na Lebed. Tunachodai ni kidogo, lakini ni kizito: mtu aliyelieleza jambo katika lugha anayoiotea ndoto hawezi tena kujificha nyuma ya sentensi aliyoikariri. Huko ndiko lugha inakoifaa sayansi. Nasi wa fasihi, tuliozoea kuuliza nani anasema, kwa nani na kutoka upande upi, tuna zana ya kuchangia katika kazi hiyo.

11. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ukinzani wa umeme hutegemea mwelekeo wa uga wa sumaku, na kwamba katika vipitishi vya pande chache utegemezi huo huwa mkali na wenye kufichua mengi. Katika safu, uga ukielekea safu jirani, mlango hufunguka na ukinzani hushuka. Katika tabaka, zipo pembe ambazo mwendo wa juu na wa chini hufutana na ukinzani hupanda. Katika hali zote mbili, kitu hakijabadilika. Kimeulizwa swali kutoka upande mwingine.

Jirani yangu aliyasoma makala haya kabla hayajapelekwa kwa mhariri. Alisahihisha mahali pawili, kisha akaniuliza kama angeweza kuazima shamba la mkonge kwa ajili ya utangulizi wa tasnifu yake. Nilimjibu kwamba shamba si langu, ila njia ya kupitia ni ya wote.

Maswali ya mjadala

1. Kwa kutumia pembe ya chumba, eleza kwa nini elektroni inayokwenda sambamba na uga wa sumaku haipindwi.

2. Metali ina ukinzani wa omu 200 uga ukiwa pembemraba na mkondo, na omu 204 uga ukiwa sambamba nao. Kokotoa ukinzani wake usumaku ukiwa umefanya digrii 60 na mkondo.

3. Linganisha mfano wa mkonge na mfano wa muwa. Kwa nini mmoja unaeleza mabonde ya ukinzani na mwingine vilele?

4. Jadili kufaa kwa neno "pande" kama lilivyotumika katika makala haya. Je, lipo neno jingine ambalo ungelipendekeza? Toa sababu.